Kilima cha Ikoma na swali la mnara

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa bado mwanafunzi, rafiki yangu mmoja Mhehe alinichukua likizo kwenda kwao Iringa. Siku ya pili yake, hata uchovu wa basi haujaniisha, akanipeleka Lugalo, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya kwenda Morogoro. Kuna mnara wa mawe pale. Akasimama mbele yake na kuanza kunisimulia habari za Mkwawa kana kwamba anasimulia habari za baba yake mdogo aliyefariki juzi. Alipomaliza akanigeukia na kuniuliza: "Haya, na nyie watu wa Mara, ukimtoa Mwalimu, shujaa wenu nani? Mnara wake uko wapi?"

Nikacheka. Nikasema kwetu tuna nyumbu. Naye akacheka, tukaenda kula. Lakini swali lile sikulitema, nililimeza, na likanikaa tumboni kwa miaka.

Mimi ni mtoto wa Mara. Mama yangu ametoka Robanda, wilaya ya Serengeti, kijiji ambacho ukitoka nje kwenda kuchota maji unaweza ukakutana na tembo naye anakwenda kuchota yake. Lango la Ikoma la kuingilia hifadhini liko jirani kabisa. Nimesoma historia mpaka kidato cha sita. Ninawafahamu Shaka Zulu, Mirambo, Kabaka Mutesa na Bismarck. Habari za Waikoma sikuulizwa hata swali moja kwenye mtihani wowote.

Kwanza tubaki Lugalo kidogo, maana bila Lugalo hamtaelewa nilichokwenda kutafuta Robanda.

Wengi wetu tunaoishi Dar tunalijua jina hilo kwa sababu ya kambi na hospitali ya jeshi. Jina limetoka kule Iringa. Tarehe 17 Agosti 1891 kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, kilikuwa kikipita katika nchi ya Wahehe, kikichoma vijiji njiani. Jeshi la Mkwawa lilikuwa limejificha. Ilipopigwa ishara, Wahehe waliibuka na mikuki na ngao, na katika muda mfupi sana Zelewski mwenyewe alikuwa amelala chini, pamoja na Wazungu wenzake wapatao tisa na askari weusi zaidi ya 200. Wajerumani hawakuwa wamewahi kupata kipigo cha namna ile katika nchi hii.

Walirudi. Mwaka 1894 wakaibomoa ngome ya Kalenga kwa mizinga. Mkwawa akaingia porini akapigana kwa kuvizia miaka minne, hadi Julai 1898 alipojipiga risasi ili asikamatwe akiwa hai. Wakakikata kichwa chake wakaondoka nacho. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles wa 1919 uliandika kabisa, katika kifungu cha 246, kwamba Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa. Hebu fikirieni: mkataba uliopanga upya ramani ya Ulaya ulikuwa na sentensi ya fuvu la Mhehe mmoja. Hata hivyo fuvu lilirudi mwaka 1954 tu, baada ya Gavana Twining kwenda Bremen mwenyewe na kulichagua kati ya mafuvu mengi kwa kupimapima. Likakabidhiwa Kalenga tarehe 19 Juni 1954, na ndilo lililowekwa kwenye makumbusho ya pale.

Sasa turudi kwenye mnara. Ule mnara wa Lugalo ambao rafiki yangu aliusimamia kwa fahari, je, unadhani ulijengwa na nani? Ulijengwa na Wajerumani. Ulijengwa kumkumbuka Zelewski na wenzake. Yaani Wahehe walishinda vita, halafu walioshindwa ndio waliojenga mnara mahali pa ushindi. Leo Mhehe anakwenda pale kumsifu Mkwawa, anaegemea jiwe la Nyundo.

Sikumwambia rafiki yangu hayo siku ile, kwa sababu hata mimi niliyasoma baadaye. Lakini nilipoyajua nikaanza kuitazama minara kwa jicho jingine. Nikaanza kuuliza: nani alikuwa na saruji? Maana mara nyingi mnara hauonyeshi nani alikuwa mkubwa. Unaonyesha nani alikuwa na saruji, fundi, na muda wa kutosha wa kutawala mpaka saruji ikauke.

Basi nikaenda Robanda.

Nilifika kwa bodaboda kutoka Mugumu, nyekundu kwa vumbi kuanzia nyusi mpaka soksi. Bibi yangu alinitazama akasema, "Mjukuu wangu, umekuja au umeletwa na upepo?" Nikaoga, nikala ugali, nikalala. Asubuhi nikamuomba mjomba anionyeshe kilima.

Kama kuna kitu ambacho wageni wamekisikia kuhusu Ikoma, mbali na wanyama, ni boma la Mjerumani, kwa Kiingereza Fort Ikoma. Wajerumani walilijenga juu ya kilima mwanzoni mwa karne iliyopita. Ukikiangalia kilima kile kutoka chini hauhitaji kuwa mwanajeshi kuelewa kwa nini walikichagua. Ukiwa juu unaiona nyika yote. Anayetoka kusini unamwona, anayetoka upande wa Umasai unamwona, na mpaka na eneo la Mwingereza, yaani Kenya ya leo, hauko mbali.

Na mambo yalitokea pale. Mwaka 1917, wakati Vita Kuu vikiwa vimeshaelekea kusini ya nchi, kikosi kimoja cha Wajerumani kilijitenga na jeshi la Lettow-Vorbeck kikarudi kaskazini kuwahangaisha Waingereza na Wabelgiji. Mwishoni kiliongozwa na ofisa aitwaye Naumann. Kilizunguka nchi nzima kikipora chakula cha wanavijiji na kukamata watu wa kubeba mizigo. Kikafika Ikoma na kulikalia boma. Wabelgiji wakawashambulia, wakarudishwa nyuma kwa hasara, na Naumann akatoroka tena, mpaka alipokamatwa miezi michache baadaye upande wa Kondoa. Hebu mtafakari kidogo: Mjerumani na Mbelgiji wanauana juu ya kilima cha Waikoma. Huko Ulaya vita vyao vilikuwa vya nani anamiliki nini. Huku walikuwa wanapigania nyumba ambayo si ya yeyote kati yao.

Baadaye sana, boma likageuzwa kuwa hoteli ya watalii. Watu wakawa wanakunywa bia baridi mahali ambapo babu zetu walikuwa wanapelekwa kulipa kodi na kuchapwa. Nayo hoteli ikapita. Kilichobaki kwenye ramani na kwenye midomo ya watu ni jina la boma.

"Sasa mjomba," nikamuuliza tukiwa tumesimama chini ya mti tukikitazama kile kilima, "kama tungejenga mnara pale juu, wa mtu wetu, ungekuwa wa nani?"

Mjomba alifikiri. Akafikiri sana. Halafu akasema twende kwa mzee.

Mzee mwenyewe sitamtaja jina, alinikataza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya nyumba, macho yamefifia lakini masikio ni ya swala. Nilimwamkia, nikajieleza mimi ni wa nani, mama yangu nani, bibi yangu nani, na baada ya kuridhika kwamba mimi ni mtu na si mgeni, akaniruhusu kuuliza. Nikauliza swali la rafiki yangu Mhehe: shujaa wetu mkubwa ni nani? Mfalme wetu alikuwa nani?

Akanijibu kwa swali: "Wa rika lipi?"

Nikarudia. Nikasema namaanisha mtu mmoja, mkubwa wa wote, kama Mkwawa. Akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia mjomba kwa Kiikoma jambo ambalo mjomba hakutaka kunitafsiria.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoanza kuelewa ujinga wangu. Waikoma, na majirani zao Wanata, Waishenyi na Wangoreme, hawakuwa na mfalme. Nchi iliendeshwa na marika. Vijana waliopitia jando kipindi kimoja walikuwa kitu kimoja, wakilinda nchi pamoja, kisha wakikua pamoja na kupokea majukumu ya wakubwa pamoja, na mwisho wakistaafu pamoja na kuwaachia wanaofuata. Wakati wa misukosuko ya mwisho wa karne ya 19, sotoka ilipoua ng'ombe, ndui ikaua watu, na njaa na mashambulizi yakafuata, marika hayo ndiyo yaliyowashika watu wasitawanyike. Oscar Baumann, Mzungu aliyevuka nyika hizi mwaka 1892 akielekea Ziwa Viktoria, aliandika alivyowakuta Wamasai upande wa Ngorongoro wakiwa mifupa mitupu kwa njaa. Watu wa magharibi ya Serengeti nao walikuwa ndani ya balaa hilo hilo. Walionusurika hawakuokolewa na jemadari mmoja aliyepanda farasi. Waliokolewa na kupangika kwao.

Hao wanaoitwa machifu walikuja lini basi? Walikuja na hao hao wa boma. Mkoloni alihitaji mtu mmoja wa kumkabidhi daftari la kodi. Hata Burito Nyerere, baba yake Mwalimu, alishika uchifu wa Butiama mwaka 1915, Mjerumani akiwa bado yupo, na akaendelea nao chini ya Mwingereza hadi alipofariki mwaka 1942. Mwalimu mwenyewe hakuona haya kueleza kwamba Wazanaki kabla ya hapo hawakuwa na machifu.

Unaona tatizo? Historia yetu ya shuleni inapenda wafalme. Mtu mwenye mfalme ana sura nzima ya kitabu. Mtu aliyetawaliwa na mkutano wa wazee ana mstari mmoja: "jamii zisizo na dola". Zisizo. Tunaelezwa kwa kitu tusichokuwa nacho, kama vile kumweleza mtu kwamba ni yule asiye na gari. Na mnara, kwa umbo lake, ni kitu cha mtu mmoja. Umesimama peke yake, umechongoka juu. Utalisimamishaje rika zima juu ya ncha?

Nikamuuliza mzee, sasa nyie mliwakumbuka vipi watu wenu?

Akaniambia habari za Machaba. Machaba ni pembe za ndovu ambazo Waikoma wanazitunza mpaka leo. Simulizi yao inasema walipewa na mganga wa Kitatoga, mtu wa kabila ambalo walipigana nalo na pia kuishi nalo. Hebu angalieni maajabu ya jambo hili. Kitu kitakatifu kuliko vyote cha Waikoma kimetoka mkononi mwa mtu asiye Mwikoma. Sisi tunaojenga taifa la makabila zaidi ya 120 tungeweza kujifunza hapo kabla hata ya kufungua kitabu. Machaba si mapambo. Hutolewa kwa ibada, kwa ajili ya uzima wa watu na nchi, na wanaohusika wanajua masharti yake.

Akaniambia tena habari za emisambwa. Mwandishi wa mjini atasema "mizimu" na kupita, lakini neno hilo limebeba zaidi. Ni roho za wale waliotangulia, na ni mahali pia: chemchemi, kilima, mti mkubwa, mwamba, ambapo mtu aliyekuwa na uwezo wa mvua au wa kinga alizikwa au aliacha nguvu zake. Watu wa ukoo wanaohusika ndio wanaokwenda pale kwa nyakati zake, wakasafisha, wakaomba. Mahali pakiachwa bila kutembelewa panakasirika, au, kwa lugha ya kwetu wa mjini, panasahaulika. Sijui tofauti ni ipi.

Halafu kuna kutembea. Katika jamii hizi za Mara, rika lililoshika zamu lilikuwa na kazi ya kuizunguka nchi, kuikanyaga mipaka yake kwa miguu na kuiponya. Hakuna jiwe lililoandikwa. Kijana alijua historia ya kwao kwa sababu aliitembea: hapa palikuwa na boma la fulani, hapa tulipigana, hapa tulipata maji mwaka wa njaa. Nikakumbuka yule rafiki yangu Mhehe. Yeye alisimama mahali pamoja akanisimulia. Hawa walikuwa wanasimulia wakitembea.

Na usidhani hawakuwa na watu wakubwa. Waikoma wanasema asili yao ni upande wa Sonjo, mashariki ya nyika, kwa Wabatemi. Huko kuna habari za Khambageu, ambaye kwa Wabatemi ni zaidi ya shujaa. Simulizi inasema alizaliwa kutoka kwenye mguu wa baba yake uliovimba, akaponya wagonjwa, akapanga sheria za watu. Alipokufa akazikwa, na kaburi lilipofunguliwa hawakukuta mwili. Walikuta makubadhi yake tu. (Ndiyo, ni nchi hiyo hiyo ya Samunge ambako mwaka 2011 Tanzania nzima ilikwenda kunywa kikombe cha Babu. Ardhi nyingine zina mazoea yake.)

Makubadhi! Nilipoisikia simulizi hiyo nikasema basi, hili ndilo jibu. Mtu wa Lugalo aliacha mnara. Mtu wa Sonjo aliacha viatu. Mnara unakuambia simama utazame. Viatu vinakuambia tembea.

Ningependa niishie hapo, ingekuwa makala nzuri na sote tungelala vizuri. Lakini nilipomuomba mzee anipeleke kwenye mojawapo ya sehemu hizo, akanyoosha mkono kuelekea kusini, upande wa geti. "Iko kule," akasema. "Ndani."

Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Mipaka ikabadilishwa mwaka 1959, Wamasai wakahamishiwa Ngorongoro, na upande huu wa magharibi sehemu ambazo watu wetu waliishi, kuwinda na kuzika zikabaki upande wa pili wa mstari. Miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, watu wakakusanywa tena upya. Kuingia mle ndani bila kibali ni kosa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mwindaji, kama baba yake na babu yake. Alifungwa kwa nyama ya nyumbu. Kwenye karatasi za serikali jina la kazi yake lilibadilika kutoka mwindaji kuwa jangili, ingawa upinde ulikuwa ule ule na nyumbu yule yule.

Sisemi hifadhi ivunjwe. Nisieleweke vibaya. Kama si hifadhi ile, ambayo ina ukubwa wa kilomita za mraba 14,763, leo pale kungekuwa na mashamba na mkaa, na nyumbu zaidi ya milioni moja tungewaona kwenye vitabu. Mwalimu alilijua hilo aliposema Arusha mwaka 1961 kwamba wanyama wetu ni dhamana. Ninachosema ni kwamba tulipowapa wanyama nyumba, tulifunga mlango ambao wazee walikuwa wanaupita kwenda kuwaamkia waliotangulia.

Na mnara upo, jamani. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro kuna piramidi ya mawe. Ni ya Michael Grzimek, kijana wa Kijerumani aliyekuja na baba yake, Profesa Bernhard Grzimek, kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege iliyopakwa milia ya pundamilia. Tarehe 10 Januari 1959 ndege yake iligongana na tumbusi angani, ikaanguka, akafa akiwa na miaka 24. Maandishi ya pale yanasema alitoa vyote alivyokuwa navyo, pamoja na uhai wake, kwa ajili ya wanyama wa Afrika. Baba yake alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa yakazikwa kando ya mwanawe.

Nimewahi kusimama pale, na kusema kweli nilihuzunika. Alikuwa kijana wa umri wangu. Alikipenda alichokipenda, na kazi yao ilisaidia dunia kuijua Serengeti. Simnyimi mnara wake. Lakini nilijiuliza: baba aliyempoteza mwanawe aliruhusiwa kumzika katika nchi hii, juu, mahali pazuri kuliko pote, na baadaye akaja kulala naye. Mzee wa Robanda, ambaye mababu zake wamelala ndani ya nchi hiyo hiyo, anahitaji kibali kwenda kufyeka majani juu ya makaburi yao. Huzuni ni ile ile. Tofauti iko wapi?

Tulivyorudi jioni tuliwakuta vijana barazani, wengine ni waongoza watalii, wamevaa kofia za makampuni yao. Nikawarushia lile swali la mnara. Wakalidaka kweli kweli. Mmoja akasema ujengwe haraka sana, mrefu, uonekane kutoka getini, watalii walipie kuupanda. Mwingine akasema tumjengee Mwalimu, naye ni wa Mara. Wa tatu akamkatalia: Mwalimu ana kaburi lake Mwitongo, Butiama, juu ya kilima, kando ya wazazi wake, tangu Oktoba 1999 tulipomlaza pale. Anatosha. Na mwenyewe alipewa jina Kambarage, jina la mzimu wa mvua, kwa hiyo hata yeye amebeba ya wazee. Wa nne, mkimya kuliko wote, akasema: "Mkijenga mnara, mtaandika nini? Nani kati yetu anajua majina ya marika matatu yaliyopita?"

Kimya. Hata waliokuwa wanacheza karata wakaacha.

Hapo ndipo penye mzizi wa jambo, na ndiyo sababu nimeandika haya yote. Kijana yule wa kofia ya kampuni anajua kwa Kiingereza na Kijerumani mimba ya tembo inachukua miezi mingapi. Anajua Naumann. Anajua Grzimek, kwa sababu wageni wanauliza na kitabu kipo. Jina la rika la babu yake halijui, kwa sababu hakuna mgeni anayeliuliza, shuleni halimo, na njia ambayo lilikuwa likifundishwa kwa kutembewa imekatwa na mstari wa ramani. Mzee wangu wa kigoda akiondoka, hakuna mkataba wa Versailles utakaoandika turudishiwe alichoondoka nacho. Fuvu lilirudi kwa sababu lilikuwa kwenye kabati Bremen. Kumbukumbu haina kabati.

Mwaka 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyofanywa wakati wa Majimaji. Ni jambo jema. Lakini radhi inaombwa kwa watu wenye majina. Songea Mbano ana jina. Mkwawa ana jina. Wale waliobebeshwa mizigo ya Naumann mwaka 1917 wakafia njiani, wale waliobeba mawe kupandisha kilima cha Ikoma, wataombwa radhi kwa jina gani kama hata sisi wajukuu hatukuyauliza?

Kwa hiyo ningeulizwa leo, ningesema tuache mnara kwanza. Tuanze na mambo madogo yasiyohitaji saruji. Kila kijana wa Robanda mwenye simu, na siku hizi nani hana, akae na mzee mmoja, arekodi: marika, majina, mahali. Shule za pale ziwe na hata kipindi kimoja kwa wiki cha kutembea na mzee. Wakubwa wa hifadhi na wazee wakae chini wakubaliane siku maalumu za watu kwenda kwenye emisambwa zao wakisindikizwa na askari, wafyeke, waombe, watoke. Tembo hawatadhurika. Na pale kwenye habari za boma, mgeni anapoelezwa habari za Mjerumani na Mbelgiji, aelezwe pia kwamba mawe hayakupanda kilima yenyewe.

Baada ya hapo, kama bado tunautaka mnara, tujenge. Usiwe mrefu. Usichongoke. Kama ni mimi fundi, ningeweka mawe mengi yaliyo sawa, yamepangwa mduara, kila rika jiwe lake, na nafasi wazi kwa ajili ya rika ambalo halijazaliwa. Katikati nisingeweka mtu.

Nilipoaga, nilikwenda kwa mzee kumshukuru. Nikamwambia natamani ningelijua jina la rika la babu yangu, ili angalau nikiulizwa nijibu. Akaniambia. Akanitajia na lililotangulia, na lililotangulia hilo. Akanirudishia mara tatu, kama mtoto wa darasa la kwanza, mpaka nikayashika. Sijayaandika hapa kwa makusudi. Mwenye kuyataka ya kwao aende akayaulize kwao, wakati wa kuwauliza ungalipo.

Usiku ule nilimpigia simu rafiki yangu wa Iringa. Nikamwambia nimepata jibu la swali lake la Lugalo. Akaniuliza lipi, alikuwa ameshalisahau. Nikamwambia shujaa wetu ni wengi, na mnara wao ni njia.

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi siku moja unitembeze."

Nimemwahidi. Lakini kwanza inabidi niifahamu njia yenyewe.